Tulianza kwa kuokota mawe

Mechi ya kwanza ilivunjika kabla ya mapumziko, na kosa lilikuwa langu.

Ilikuwa mwezi wa tatu mwaka 2024, hapa Mugunga, magharibi mwa Goma, mashariki mwa Kongo, kwenye kiwanja kilicho nyuma ya shule ninakofundisha. Upande mmoja watoto wa mtaa, upande mwingine watoto wa kambi ya waliokimbia vita. Mimi ndiye niliyepanga hivyo. Nilidhani hiyo ndiyo heshima yenyewe: wenyeji na wageni wakutane, wacheze, wapeane mikono, kila mmoja arudi kwao akiwa amemjua mwenziwe. Shemeji yangu, mdogo wake mume wangu, mchana hubeba abiria kwa pikipiki na jioni hufundisha watoto mpira. Aliniuliza mara mbili: "Madamu, una hakika?" Nikamjibu kwamba nina hakika.

Mtaa ukafunga bao la kwanza. Vijana waliokaa juu ya ukuta wakaanzisha wimbo wa kuwataka "batu ya kambi" warudi kambini. Likaingia la pili, wimbo ukazidi. Beki mmoja wa kambi, mtoto wa miaka kama kumi na mitano, akamfyeka mshambuliaji wetu kwa nyuma, na kabla shemeji hajapuliza filimbi watu walikuwa wamekwisha kujaa uwanjani. Goma ni mji uliojengwa juu ya lava. Hapa mtu akiinama tu, mkono unarudi na jiwe. Mawe yakaruka. Mama aliyekuwa akiuza mandazi pembeni alipigwa begani, beseni lake likapinduka, na mandazi yakakanyagwa na watoto walewale ambao saa moja kabla walikuwa wakimwomba awakopeshe. Hakuna aliyevunjika mfupa, namshukuru Mungu. Lakini usiku ule sikulala.

Nilichokuwa nimefanya ni kuchukua mstari uliokuwa tayari umechorwa kati ya watu, nikaupaka chokaa ili uonekane vizuri zaidi.

Nieleze kwanza kwa nini jambo hili liliniuma hivyo. Mei 22 mwaka 2021, jioni, Nyiragongo, volkano iliyo juu ya mji wetu, ililipuka. Lava ilishuka usiku ikasimama Buhene, pembezoni mwa mji, lakini ardhi ikaendelea kutetemeka siku baada ya siku, nyumba zikapasuka, na tarehe 27 mamlaka zikaamuru mitaa kumi ya Goma ihame. Watu laki kadhaa tulitoka kwa mara moja. Wengine walivuka kwenda Rwanda, wengine walipanda mashua kwenda Bukavu, wengine walielekea Rutshuru. Sisi tulikwenda Sake, kilomita kama 25, kwa miguu, na watoto watatu na godoro moja.

Pale Sake mama mmoja alitufungulia nyumba yake. Hakutujua. Wenye kuijua Kivu wanajua swali ambalo mtu huulizwa kwanza akifika mahali asipojulikana: uko mutu wa wapi? Ni swali fupi, na kwa miaka mingi jibu lake limeokoa watu na limeua watu. Mama yule hakuliuliza. Alisimama mlangoni, akatutazama, akasema, "Muko wangapi?" Basi. Alitaka kujua aongeze maji kiasi gani kwenye sufuria. Tulikaa kwake siku kumi na mbili. Wanangu walicheza na wanawe tangu asubuhi mpaka giza, mpira wa masashe, mifuko ya plastiki, uliofungwa kwa kamba za migomba, na wa kwangu mdogo alipoumia kidole ni mtoto wa pale aliyembeba mgongoni kumleta nyumbani.

Miaka miwili na nusu baadaye Sake yenyewe ilikimbia. Wiki ya kwanza ya mwezi wa pili 2024 vita vilipoikaribia, barabara ya kuja Goma ilijaa watu, magodoro, mbuzi, chukudu (zile baiskeli za mbao za kusukuma) zilizopakiwa mpaka juu. Wengine walikuwa wamekwisha kukimbia mara mbili au tatu, kutoka Masisi hadi Sake, kutoka Sake hadi kwetu. Tarehe 7 ya mwezi huohuo Leopards, timu yetu ya taifa, walicheza nusu fainali ya Kombe la Afrika dhidi ya Kodivaa. Wimbo wa taifa ulipopigwa, wachezaji wetu wote walifunika mdomo kwa mkono mmoja na kwa mkono mwingine wakaelekeza vidole viwili kichwani, kama bastola. Chumba cha video kilikuwa kimejaa hadi mlangoni. Walikuwamo watu wa mtaa na watu waliofika wiki ileile na vumbi la barabara bado miguuni, na kwa muda ule hakuna aliyepumua. Kisha mzee mmoja nyuma akaanza kulia kwa sauti. Tulifungwa 1–0. Watu walitoka pole pole, na nje wakashikana mikono kama watu wanaotoka msibani, bila kuulizana mmoja anatoka wapi.

Nadhani ni usiku ule nilipopata wazo la mechi. Niliona kile mpira ulichokifanya ndani ya chumba kile, nikasahau kwamba mle sote tulikuwa upande mmoja.

Mama wa Sake nilimtafuta. Nilizunguka kambi ya Lushagala, nikaenda Bulengo, nikaenda Lac Vert, nikauliza kwa jina lake na kwa jina la mwanawe mkubwa. Sikumpata mpaka leo. Ndiyo maana wimbo ule wa vijana ukutani ulinichoma: huenda mmoja wa wale waliokuwa wakifukuzwa na wimbo ndiye aliyembeba mwanangu mgongoni.

Kuna jambo la maneno hapa. Kwa sheria, mkimbizi ni mtu aliyevuka mpaka wa nchi yake. Hivyo ndivyo Mkataba wa Geneva wa 1951 unavyosema. Anayekimbia ndani ya nchi yake ni mkimbizi wa ndani, na sisi Goma, kwa kuazima Kifaransa, tunasema wadeplase. Watoto hawajui mkataba wowote. Wanachokijua ni jinsi neno linavyotamkwa. "Wadeplase" likisemwa kwenye foleni ya chakula ni jina la orodha. Likisemwa bombani na mtu aliyekunja uso, ni tusi. Nilikuwa na umri wa miaka kumi mwezi wa saba 1994, Wanyarwanda karibu milioni moja walipoingia kwetu kwa siku chache, kipindupindu kikafuata, na maiti zilizofungwa kwenye mikeka zikalazwa kando ya barabara. Mugunga ilikuwa kambi wakati ule pia. Watu wa huku tumezaliwa, tumesoma na tumeoa tukiwa na kambi kwa jirani, na tuna uchovu ambao hauna budi kusemwa. Makala, yaani mkaa, yakipanda bei, darasa la watoto hamsini likiwa la mia, kibarua cha siku kikilipwa nusu kwa sababu wanaokitaka ni wengi, mwenyeji anaumia kweli. Kumwambia awe na moyo mwema haitoshi.

Baada ya ile mechi, shemeji alikuja na habari kwamba uwanja umefungwa: wazazi wa mtaa hawataki tena, na wazazi wa kambi wanaogopa. Tukakaa kimya wiki mbili. Kilichotutoa hapo hakikuwa mpira bali uwanja wenyewe, kwa sababu ulikuwa mbaya. Mawe ya volkano yanakata kama chupa. Mtoto akianguka anaamka bila ngozi ya goti, na wengi walicheza na kambambili au miguu mitupu. Hapa kwetu Jumamosi asubuhi ni salongo, kazi ya wote, kila mtu anafagia mbele ya kwake. Nilikwenda kwa shefu wa kartye, mkuu wa mtaa, nikamwomba salongo ya Jumamosi tatu ifanyike kwenye kiwanja cha shule, na nikamwomba pia aniruhusu kuwaalika watu wa kambi. Alifikiri kwa muda mrefu. Akasema, "Waje na beseni zao."

Jumamosi ya kwanza wenyeji walikuja wachache. Kutoka kambini walikuja wengi, kina mama hasa, na kina baba wawili wenye chukudu ambazo walikuwa wamezisukuma kutoka Masisi. Yale mawe makubwa ambayo tulikuwa tumeyazunguka miaka yote, wale wazee waliyang'oa kwa mtaimbo na kuyabeba kwa chukudu kana kwamba ni magunia ya viazi. Mama wa mandazi, yule aliyepigwa begani, alipita, akasimama, akatazama wageni wakisafisha uwanja wa wanawe. Jumamosi ya pili alikuja na mabinti zake wote, na mtaa ukafuata. Mawe madogo watoto waliyabeba kwenye bido, madumu ya maji, zilizokatwa juu. Hatukuyatupa. Yalipangwa ukuta, ule ukuta mkavu ambao kila mtu wa Goma anaujua, na kuupanga ni kazi ya wawili wawili: mmoja anashika, mwenzake anatafuta jiwe linalokaa. Nilipita nikiwasikia. Hakuna aliyekuwa akizungumza juu ya amani. Walikuwa wanabishana juu ya mawe. "Hilo halikai." "Ligeuze." "Nimekuambia ligeuze."

Jumamosi ya tatu tukamwaga mchanga mweusi, na mtu ambaye sikumfahamu akaleta miti sita ya mkaratusi kwa ajili ya magoli.

Halafu timu. Shemeji aliwapanga watoto wote kwa mstari mmoja kwa urefu, akapita akiwahesabu moja, mbili, tatu, nne, moja, mbili, tatu, nne. Walioangukia moja ni timu moja, na kadhalika. Aliyezaliwa Mugunga akajikuta na wa Kitshanga kulia na wa Sake kushoto, na mdogo wake akiwa kwenye timu ya wapinzani. Kulikuwa na manung'uniko. Watoto wawili wa mtaa waliondoka, mmoja akarudi baada ya wiki. Tangu hapo, kila jioni mtu akifika uwanjani swali lilikuwa moja tu, kwa sababu bila jibu lake huwezi kugawa timu: muko wangapi?

Nilikuja kusoma baadaye kwamba jambo hili limepimwa. Mtafiti wa sayansi ya siasa aitwaye Salma Mousa alikwenda Iraki, kwa Wakristo waliokuwa wamefukuzwa makwao na wapiganaji wa ISIS, akaandaa ligi ya mpira. Timu nyingine zilibaki za Wakristo watupu. Nyingine ziliongezewa wachezaji Waislamu. Matokeo yalichapishwa katika jarida la Science mwaka 2020. Wakristo waliocheza na Waislamu katika timu moja walikuwa tayari zaidi kujiandikisha katika timu ya mchanganyiko msimu uliofuata, kumpigia kura Mwislamu apewe tuzo ya mchezaji mwenye nidhamu, na miezi sita baadaye bado wakifanya mazoezi pamoja nao. Lakini nje ya uwanja mabadiliko yalikuwa madogo mno. Wachezaji walewale hawakuwa tayari zaidi kwenda kula katika mgahawa wa upande wa pili, au kuhudhuria sherehe ya mchanganyiko. Walimpenda mchezaji mwenzao. Watu wa mchezaji mwenzao walibaki vilevile.

Niliposoma hivyo niliacha simu mezani, kwa sababu hayo ndiyo niliyoyaona kwa macho yangu. Kiangazi cha 2024, mwezi wa saba, maji yalikuwa adimu, na ugomvi ulizuka bombani kati ya kina mama wa mtaa na kina mama wa kambi. Bido zilirushwa. Nilipofika niliwaona vijana wangu wawili, kiungo na winga wa timu moja, watu wanaotafutana uwanjani bila hata kuangalia. Kila mmoja alikuwa amesimama nyuma ya mama yake, kila mmoja ameshika bido kama silaha. Waliangaliana. Hakuna aliyesema neno. Sikuwalaumu, mtoto atafanya nini mama yake akitukanwa? Lakini nilijua kwamba tulichokijenga kinaishia kwenye ukuta wa mawe.

Kilichovuka ukuta kilitoka kwa wasichana, na kilitoka kwa shida.

Wasichana hawakuwa wakija. Tulitangaza, tukaalika, wakaja watatu. Kila jioni saa kumi, saa ya mpira, ni saa ya maji. Wavulana wanapokwenda uwanjani dada zao wanapanga foleni na bido ya lita ishirini, au wanarudi kutoka kutafuta kuni kuelekea Hifadhi ya Virunga, njia ambayo wengi wao wamekutana nayo mabaya nisiyoweza kuyaandika hapa. Kumwambia msichana huyo aje kucheza ni kumwambia familia yake ilale bila maji.

Nilikuwa nimesikia habari za Medellín, kule Kolombia. Mwaka 1994, mwezi uleule wa saba ambao mimi nilikuwa natazama mikeka kando ya barabara, beki Andrés Escobar aliuawa kwa risasi katika mji huo, siku chache baada ya kujifunga katika Kombe la Dunia. Miaka michache baadaye kule kulianzishwa mpira wa mitaani kwa vijana wa magenge, wenye kanuni zake: wavulana na wasichana katika timu moja, bao la kwanza sharti lifungwe na msichana, na timu zikae chini kabla na baada ya mchezo kukubaliana na kuhukumiana. Shemeji aliipenda kanuni ya bao la kwanza papo hapo. "Wakitaka kufunga, watakwenda kuwatafuta dada zao wenyewe," akasema.

Na wakaenda. Ila dada walikuwa kwenye foleni ya maji. Hapo ndipo wavulana walipotunga jambo ambalo mimi Madamu mzima sikulifikiria. Bido za timu ziliwekewa alama ya rangi, mstari mwekundu, wa bluu, mweupe, wa kijani, na zikapangwa bombani pamoja, za mtaa na za kambi kwa kufuatana. Wavulana walioketi benchi siku hiyo walikwenda kushika foleni. Mvulana kushika foleni ya maji! Kina mama wa huku na wa kule walicheka mpaka wakajishika kiuno, na walicheka pamoja, na hiyo ilikuwa mara ya kwanza kuwasikia wakicheka pamoja pale. Mtoto wa mtaa akisimama juani kulinda bido ya dada wa mwenzake wa kambi, mama yake hawezi tena kuisukuma kando bila kumsukuma mwanawe. Ugomvi haukuisha. Ulipungua, na ulipotokea ulikuwa na majina ya watu ndani yake, si "hawa" na "wale."

Wasichana walifika ishirini na kitu. Siku ambazo mpira ulikuwa umepasuka walicheza nzango, ule mchezo wa kuruka na kupiga makofi ambao hautaki chochote ila miguu na sauti. Mistari miwili inatazamana, wanaimba, wanaruka, kila mmoja anatoa mguu, na pointi inategemea kama miguu imefanana au la. Wa mtaa waliwafundisha wa kambi nzango. Wa kambi walileta nyimbo zao. Nilikuwa nakaa juu ya ukuta nikisahihisha madaftari, na mara nyingi sikusahihisha kitu.

Kabla ya hayo, tarehe 3 Mei 2024, asubuhi, mabomu yalianguka kwenye kambi za Mugunga, Lushagala ikiwamo. Watu wengi walikufa, wengi wao kina mama na watoto. Juu ya siku ile nitasema moja tu. Wachezaji wa mtaa walikuja shuleni kwangu bila kuitwa, wamekaa kwenye ukuta, na walikuwa wakihesabu wenzao. Si timu ya kambi. Waliwahesabu kwa namba za timu: "Kwa tatu bado wawili hatujawaona." Walikaa mpaka wawili wale walipoonekana. Siku ya mazishi walibeba maji.

Kuna watu walikuja kuona kazi yetu. Shirika moja lilileta jezi nzuri, nashukuru, bluu kwa watoto wa kambi na njano kwa watoto wa mtaa, na mpiga picha aliyetaka timu mbili zisimame zikipeana mikono. Nilimweleza kwamba hatuna timu mbili za namna hiyo. Alikuwa na haraka, picha ikapigwa. Walipoondoka watoto wenyewe walivua jezi na kuzigawa upya kwa timu zao. Nasema hili kwa sababu wapo wenye fedha na nia njema wanaoanzisha michezo katika kambi nyingi duniani, na jambo la kwanza wanalolifanya ni kosa lilelile nililolifanya mimi. Wanahitaji wahamishwa na wenyeji waonekane kwenye picha, kwa hiyo wanawavika rangi tofauti.

Watoto wangu wanapenda habari ya Popole Misenga, nami nimewasimulia mara nyingi. Alizaliwa Bukavu, ng'ambo ya ziwa letu. Vita vilimtenganisha na familia yake akiwa mdogo, akapatikana msituni baada ya siku nane, akapelekwa Kinshasa katika kituo cha watoto, na huko akajifunza judo. Mwaka 2013 yeye na Yolande Mabika, naye wa Bukavu, walikwenda Rio kwenye mashindano ya dunia na wakaomba hifadhi Brazili. Miaka mitatu baadaye, mjini humohumo, wote wawili walikuwa miongoni mwa wanamichezo kumi wa timu ya kwanza ya wakimbizi katika historia ya Olimpiki, na Popole alishinda pambano lake la kwanza. Watoto wakisikia "alishinda" wanapiga makofi. Mimi huwa naishia kwenye kile kituo cha Kinshasa. Nafikiri juu ya mtu asiye na jina aliyekuwa akitandika mkeka wa judo pale kila asubuhi, na juu ya watoto wengine waliokuwa juu ya mkeka uleule ambao hawakufika Rio wala popote, wakapata tu jioni kadhaa ambamo mtu aliwafundisha namna ya kuanguka bila kuumia.

Mwisho wa mwezi wa kwanza 2025 vita viliingia Goma yenyewe. Siku kadhaa hatukuwa na maji wala umeme. Mwezi wa pili, wakati ndiyo kwanza tumeanza kutoka nje, watu wa kambi waliambiwa warudi makwao, na kwa siku chache tu zile bashi nyeupe, maturubai ya kambi, ambazo tulizoea kuziona mpaka upeo wa macho hazikuwepo tena. Wapo waliotaka kurudi. Wapo ambao walikuwa hawana pa kurudi, nyumba imechomwa, shamba lina mtu mwingine. Wachache walibaki mtaani kwetu: familia nne zilipokelewa na wazazi wa wachezaji, mbili kati yake zikalala kwa mama wa mandazi. Nne kati ya mamia. Sisemi ni nyingi.

Kipa wa timu ya pili, kijana wa Sake, alikuja na baba yake jioni moja kuaga. Walikuwa na chukudu, na juu yake sufuria, bashi iliyokunjwa na mtoto mdogo. Yule baba, mmoja wa wale wawili walioyang'oa mawe yetu makubwa, alikuwa na haya kusema alichokuja kukisema. Mwishowe kijana alisema kwa niaba yake. Nyumba yao haina paa wala nguzo, na miti Sake imekuwa ghali. Je, Madamu, wanaweza kupata mti mmoja wa goli?

Nilikuwa bado natafuta jibu, maana miti ile haikuwa yangu, ilikuwa ya watoto wote. Winga wa mtaa, yule wa bombani, alikuwa amesimama karibu. Alimtazama baba wa kipa, akauliza, "Nyumbani muko wangapi?"

"Saba," akasema yule baba.

Winga akaenda kuita wenzake. Walichimbua milingoti yote minne na miamba yote miwili ya juu, wakaifunga kwenye chukudu kwa kamba ya bido. Ilikuwa mirefu, ikatokeza mbele na nyuma, na ilibidi wanne waishike ili isigonge watu njiani. Waliwasindikiza hadi kwenye barabara kuu, nami nikawafuata nyuma na filimbi ya shemeji mfukoni.

Mashimo manne bado yapo. Mvua ikinyesha yanajaa maji, na wale wadogo wa darasa la kwanza huyatumia kama magoli, wakipiga mpira ardhini kati ya shimo na shimo. Jana walikuwa tisa. Walinijia wakitaka niwagawie timu, na mmoja, ambaye hata hakuwahi kucheza na wale wakubwa, alikuwa amekwisha kuwapanga wenzake kwa urefu.